Mjadala: Maimamu wa Kenya wasomeshwe unasihi? Na cheti kitoke kwa nani?

Assalamu alaikum, na salamu kwa wa dini nyingine pia, maana hili linawahusu.

Hoja yangu ni hii: imamu wa msikiti nchini Kenya asomeshwe unasihi, yaani kumsikiliza na kumshauri mwenye shida, kabla ya kukabidhiwa ndoa za watu, wagonjwa na wafiwa. Tena iwe sharti. Ila sharti hilo tujiwekee Waislamu wenyewe, serikali isishike kalamu. Najua nimeshakera pande zote mbili.

Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 5 na ushei, kama asilimia 11. Ukiwa Lamu au Garissa uchache huo huuoni. Lazwa hospitali ya serikali Nakuru au Kisumu ndipo utauona. Jioni kwaya inaingia wodini, mchungaji anapita kitanda hadi kitanda, anaombea. Mgonjwa wa Kiislamu anangoja jamaa aje na simu yenye Yasini. Hakuna aliyemzuia imamu kuja. Hakuna aliyemtuma tu.

Sasa nenda Mombasa, kaa barazani kwa imamu yeyote baada ya Alasiri. Huyu mumewe hajatoa masurufu tangu Ramadhani. Yule mwanawe ameingia kwenye unga wa kulevya na ameanza kuuza vyombo vya nyumbani. Mzee ana sukari, daktari amemkataza kufunga, naye hasikii la mtu mpaka imamu aseme. La mzee ni jepesi, kwani Al-Baqara aya ya 185 imeshampa mgonjwa ruhusa. Imamu akielewa kidogo tu habari za insulini, linakwisha pale pale. Zito ni la binti ambaye hajalala wiki ya tatu na anasikia sauti zikimwita jina. Atasomewa, atanyweshwa kombe (maji yaliyooshewa aya), atasomewa tena. Sina ugomvi na kisomo. Nina ugomvi na imamu asiyejua kuwa ipo siku ya kuiambia familia, "Mpelekeni hospitali ya Port Reitz leo, nami nitakuja kumsomea huko huko."

Na kujiua je? Hadi Januari 2025 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, Mahakama Kuu ikasema kifungu hicho kinakiuka katiba. Polisi wakishaondolewa njiani, wa kuambiwa kwanza ni nani kama si sheikhe wa mtaa? Akiwa na jibu moja tu, la moto wa Jahanamu, basi amemfunga mdomo kijana aliyekuwa ameanza kusema.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kanisa. Kweli yalianzia huko. Mwaka 1925 Anton Boisen, kasisi aliyewahi kulazwa mwenyewe kwa maradhi ya akili, aliwachukua wanafunzi wa theolojia akawaweka katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Worcester, Massachusetts, wajifunze kwa wagonjwa badala ya vitabu peke yake. Njia hiyo bado inatumika. Mwanafunzi anakaa na mgonjwa, akitoka anaandika mazungumzo neno kwa neno, yake na ya mgonjwa, kisha mwalimu na wenzake wanamhoji: hapa mgonjwa alipotaja mkewe, mbona wewe ulirukia dua? Nionyesheni kilicho haramu hapo. Huko Marekani Ingrid Mattson, Mwislamu, alianzisha mafunzo ya namna hii kwa Waislamu pale chuo cha theolojia cha Hartford, na jeshi la nchi hiyo lilikuwa limeshampokea imamu wake wa kwanza, Abdul-Rasheed Muhammad, mwaka 1993. Magereza ya Uingereza yanawalipa maimamu mshahara. Wote hao ni wachache kuliko sisi katika nchi zao.

Msingi tunao. An-Nisaa aya ya 35 inataka mwamuzi kutoka kwa jamaa za mume na mwingine kwa jamaa za mke. Na Mtume (SAW) alisema anayetakwa ushauri ameaminiwa. Hadithi hiyo ningeiweka somo la kwanza, kwa sababu ugonjwa wetu mkubwa ni siri. Mke analeta la chumbani Jumatatu, Jumatano kamati nzima ya msikiti inalo, Ijumaa linatoka kwenye khutba "bila kutaja jina".

Siri hiyo ndiyo inayonifanya niikatae serikali. Semina nyingi walizoitiwa maimamu wa Pwani na Kaskazini Mashariki miaka hii zilikuja na bango la kupambana na itikadi kali. Chai, posho, picha ya pamoja. Mama ambaye mwanawe ametoweka hawezi kumfungulia moyo mtu anayeshuku kuwa anapeleka ripoti kwa afisa wa kaunti. Cheti kikiwa na muhuri wa serikali, shaka hiyo imepigwa muhuri nayo.

NYONGEZA, baada ya kusoma majibu yenu.

Ndugu aliyeuliza kama Shakahola, msitu wa Kilifi ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walifunga hadi kufa, haidai mkono wa serikali: ni swali la haki. Zaidi ya maiti 400 zilifukuliwa, na hakuna anayeweza kusema dini iachwe ijiendee. Lakini mahubiri ya kufisha njaa ni jinai, yana polisi wake na mahakama zake. Kumpima mtu kama anajua kusikiliza ni jambo lingine. Mwaka 2016 serikali ilijaribu kudai vyeti vya theolojia, makanisa na misikiti wakapinga pamoja, serikali ikaziondoa kanuni hizo. Rwanda imepita njia hiyo kwa sheria ya 2018. Anayeipenda aje aitetee.

Dada aliyesema mjadala mzima umewasahau wanawake, hapo sina pa kujitetea kwa niaba ya misikiti yetu. Wenye kuleta shida wengi ni wanawake, na anayesikiliza ni mwanamume, mlango ukiwa wazi kwa sababu dini inakataza mwanamume na mwanamke asiye maharimu wake kujifungia peke yao, watoto wa madrasa wakipita. Nafasi za kwanza za mafunzo wapewe maustadha, walimu wetu wa kike wa dini, tena nusu kwa nusu. Wakipatikana zaidi, wawe zaidi.

Aliyeuliza fedha ameuliza la maana kuliko wote. Imamu wengi wanaishi kwa ada za madrasa na bahasha za harusi. Huwezi kumwambia aache darsa miezi sita akakae wodini bure. Mimi ningegusa mapato ya wakfu na maduka ya msikiti kabla ya kumwendea mfadhili yeyote. Kuna misikiti yenye maduka barabara nzima na imamu wake anakopa unga wa ugali. Wanakamati mliomo, mnaliona vipi hili? Na kama upo msikiti ambao tayari una chumba cha mazungumzo chenye mlango wa pembeni kwa wanawake, tuambieni mlikipataje na nani anakaa humo.