Siku saba kisiwani: kuzamia kwa mtungi, kuogelea juu ya matumbawe au kayaki?

Mama Wawili (mwanzisha mada)
Ndugu wanajukwaa, habari zenu. Mwezi ujao familia yetu itakaa siku saba katika hoteli ya ufukweni, kwenye kisiwa kidogo kilichozungukwa na miamba ya matumbawe. Tutakuwa watano: mimi na mume wangu, watoto wetu wa miaka 8 na 12, na mama mkwe wangu ambaye hajui kuogelea. Hoteli ina mafunzo ya kuzamia kwa mtungi wa hewa kwa wanaoanza, ina miwani na mirija ya kuogelea juu ya matumbawe, na ina kayaki, yaani mitumbwi midogo ya kupiga makasia. Mume wangu anataka kuzamia kuwekwe siku ya mwisho ili kuwe kilele cha safari, nami nahofia kwamba kila mtu atashika njia yake ilhali tunakwenda ili tuwe pamoja. Mliokwisha kuyafanya haya, lipi lipewe siku nyingi na lipi linatosha kuonjwa mara moja?

Mzamiaji wa Zamani
Dada, naomba nianze na siku ya mwisho, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Kila mita 10 za kina huongeza mgandamizo unaolingana na ule wa hewa yote tunayoishi chini yake, na kwa hiyo mwili wa mzamiaji hufyonza naitrojeni, gesi iliyomo hewani, nyingi kuliko kawaida. Naitrojeni hiyo hutoka mwilini polepole, na mtu akipanda ndege mapema mno, ambamo mgandamizo wa hewa ni mdogo, inaweza kugeuka viputo ndani ya damu na viungo. Mwongozo unaofuatwa na wengi ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 ikiwa mtu amezamia mara kadhaa. Mwambie shemeji achague siku ya pili au ya tatu.

Mtoto wa miaka 8 hataruhusiwa, kwani katika utaratibu wa PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya kuzamia, jaribio la baharini huanzia miaka 10, na kina chake hakizidi mita 12. Mkubwa anaweza kwenda na baba yake. Wote wawili wajibu maswali ya afya kwa ukweli, hasa kuhusu pumu na moyo, na mwenye mafua aahirishe, kwa sababu masikio yaliyoziba hayawezi kusawazisha mgandamizo na maumivu yake ni makali. Nimezamia kwa miaka mingi, na ule utulivu wa kuelea bila uzito mbele ya ukuta wa mwamba sijaupata penginepo. Hata hivyo, kwa familia kama yako, mara moja inatosha.

Mpenda Matumbawe
Namuunga mkono mzamiaji, nami naongeza jambo ambalo wageni wengi hulikosa. Maji humeza rangi nyekundu kwanza, hata ndani ya mita chache tu, na ndiyo maana mzamiaji asiye na taa huona mengi yakiwa na rangi ya buluu na kijivu. Anayeelea juu ya mwamba wenye kina cha mita mbili au tatu huwaona samaki na matumbawe katika rangi zao halisi, tena kwa muda mrefu, bila kuhesabu hewa iliyobaki kwenye mtungi. Mtoto wa miaka 8 aliyezoea maji, akivaa jaketi la kuokolea na kushikwa mkono, anaweza kushiriki. Ningetenga siku nne kati ya saba kwa jambo hili.

Nawasihi jambo moja kwa moyo wote: msisimame juu ya matumbawe wala kuyashika. Ni wanyama hai, mengi hukua kwa sentimita chache tu kwa mwaka, na unyayo mmoja huvunja kazi ya miaka. Mgongo ndio huungua zaidi, kwa kuwa mtu huelea kifudifudi na maji baridi humsahaulisha jua. Fulana ya mikono mirefu ni bora kuliko krimu ya kukinga jua peke yake. Hawaii ilipiga marufuku kuanzia 2021 uuzaji wa krimu zenye oksibenzoni, kemikali ya kukinga jua, kwa ajili ya kulinda matumbawe, kwa hiyo someni viambato kabla ya kununua.

Mwalimu wa Kuogelea
Simkubalii mwenzangu kuhusu hizo siku nne, kwa sababu si watu bali bahari ndiyo itakayopanga ratiba. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, upepo huanza kuvuma kuelekea ufukweni, na maji yaliyokuwa kioo asubuhi huchafuka. Kayaki na miwani viwe vya asubuhi. Ulizeni pia saa za maji kujaa na kupwa, ambazo husogea mbele kwa takriban dakika 50 kila siku; katika bahari kama Mediterania na Karibi tofauti huwa ndogo, lakini kwingine maji ya bamvua, yaani yale yanayojaa na kupwa kupita kiasi, yakipwa mwamba hubaki karibu mkavu.

Mkondo ukimvuta mtu kwenda kilindini, asishindane nao. Aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke ndani yake, ndipo arudi. Mwanao mkubwa alijue hilo kabla ya kuingia majini.

Mama Wawili
Ahsanteni sana. Na mama mkwe je? Sitaki awe mlinzi wa taulo zetu wiki nzima.

Mpenda Matumbawe
Ulizeni kama kuna boti yenye sakafu ya kioo, akae humo nanyi mkiogelea kando yake. Siku maji yanapopwa sana, mtembezeni kwenye vidimbwi vinavyobaki kati ya mawe, akiwa amevaa viatu vya soli ngumu kwa sababu ya viumbe wenye miiba. Kaa, konokono na samaki wadogo huonekana bila mtu kulowa kupita magoti.

Mama Wawili
Basi tumeamua: siku ya pili baba na mkubwa watazamia, asubuhi tatu tutaogelea juu ya matumbawe, asubuhi moja ni ya kayaki, na siku ya mwisho, ikiwa maji yatapwa mapema, mdogo atamwongoza bibi yake vidimbwini. Ameshaanza kumtafutia viatu.