Kukausha na kulowesha majaruba ya mpunga: nitajuaje muda, na yuria iwekwe lini?

JarubaLaKati
Wakuu, nina ekari moja na nusu ya mpunga aina ya SARO 5 huku Mbarali, Mbeya, udongo mfinyanzi mweusi, wiki mbili tangu kupandikiza. Maji ya skimu ya umwagiliaji ni ya zamu, kila siku saba. Bwana shamba anahimiza tusituamishe maji msimu mzima, tukaushe na kulowesha, eti hata gesi ya methani inayopasha joto dunia itapungua. Sawa, ila nitajuaje jaruba limekauka vya kutosha? Na mbolea ya kukuzia inaingia likiwa kavu au na maji?

Mgawa Maji
Mkuu, usipime kwa macho. Kata bomba la plastiki sentimita 30, upana sentimita 10 hadi 15, toboa matundu kuzunguka sentimita 20 za chini. Fukia sehemu yote yenye matundu, kisha komba tope la ndani. Hapo ndipo wengi huharibu, kwa sababu bomba lenye tope halionyeshi kitu. Liwe karibu na tuta ulifikie kwa urahisi, lakini si kwenye bonde wala mwinuko wa jaruba. Kama jaruba halikusawazishwa, bomba litakudanganya tu.

Maji ndani ya bomba yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia hadi yasimame sentimita 5 juu. Kwa zamu yako: siku ya maji ikifika na maji yako sentimita 8 au 10 chini ya uso, pokea, usingoje 15. Kuanzia wiki moja kabla ya kuchanua hadi wiki moja baada yake, acha maji yasimame. Ukikausha hapo utavuna mapepe, yaani maganda matupu.

Samadi Mbivu
Yuria: palilia kwanza, mwaga kwenye udongo uliokauka juu, kisha fungulia maji siku hiyohiyo yaishushe kwenye mizizi. Ukiimwaga juu ya maji yaliyotuama, nyingi hupotea hewani kama gesi ya amonia. Ukiiacha kwenye unyevunyevu siku kadhaa ndipo ufurishe, unazalisha gesi ya oksidi ya nitrasi, ambayo kwa miaka 100 hupasha joto takriban mara 270 kuliko kaboni dioksidi. Mfuko wa kilo 50 kwa ekari ugawe mara mbili: sasa hivi, na mpunga unapoanza kutunga mimba.

Kuhusu methani bwana shamba yuko sahihi. Vijidudu vinavyoitoa vinataka udongo usio na oksijeni. Viwango vya 2019 vya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, vinakadiria kwamba kukausha mara kadhaa kwa msimu hupunguza methani kwa karibu asilimia 45 kuliko kutuamisha mfululizo; kukausha mara moja tu, karibu asilimia 29. Ila ukifukia mabua mabichi na kufurisha wiki hiyohiyo, sehemu ya faida hiyo inaliwa. Yafukie zaidi ya siku 30 kabla ya maji, au yaende kwa ng'ombe.

JarubaLaKati
Shukrani wakuu. Nyufa je? Udongo huu ukikauka unapasuka vibaya.

Mgawa Maji
Nyufa za juujuu hazina neno. Zikishuka chini ya tabaka gumu lililo chini ya kina cha jembe, maji utakayofungulia yatazama humo na hutaokoa chochote, kwa hiyo kwa udongo wako fungulia maji yakishuka sentimita 10 chini ya uso. Ukiona chumvi nyeupe inatanda juu, usikaushe hata kidogo jaruba hilo.