Naomba ushauri: valvu moja ya kuingiza imekaza kwenye WR250F

Habari za kazi, wakuu. Nimenunua pikipiki ya Yamaha WR250F iliyotumika, ile ya injini ya mipigo minne yenye valvu tano, na kwa kuwa muuzaji hakuwa na kumbukumbu yoyote ya matengenezo, nimeona nianze na tapeti (uwazi mdogo unaoachwa juu ya kila valvu) kabla ya kuipeleka porini. Inawaka vizuri ikiwa baridi, lakini ikishapata moto inasumbua kuwaka.

Nimepima injini ikiwa imepoa kabisa, pistoni ikiwa juu kwenye mgandamizo, nikitumia fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia uwazi). Mwongozo unataka uwazi wa milimita 0.10 hadi 0.15 upande wa kuingiza na 0.17 hadi 0.22 upande wa moshi. Za moshi zote ziko sawa, na mbili za kuingiza zina 0.12, ila ile ya katikati ina 0.05 tu. Nilifungua kemshafti, yaani shafti inayosukuma valvu (cheni ya taimingi nikaifunga kwa waya isidondoke) nikakuta shimu yake (kisahani cha kurekebisha uwazi; kikiwa chembamba, uwazi unaongezeka) ni milimita 1.85. Nikiweka 1.80 nitapata 0.10, nikiweka 1.75 nitapata 0.15, kwa hesabu zote mbili zinakubalika, lakini kila moja iko ukingoni.

Kwa kuwa uwazi huu huelekea kupungua kadiri valvu inavyolika, mimi naegemea 1.75. Je, niko sahihi? Na je, valvu moja kukaza peke yake ni dalili ya kutosha kufungua silinda hedi (kichwa cha injini chenye valvu) sasa, au niweke shimu kwanza kisha nipime tena baada ya saa chache za kuendesha?