Mtu aliyekusitiri siku umekwama: tupeane visa

Mshona Kofia
Assalaam aleikum, hamjambo humu. Jana baada ya isha tumekaa barazani hapa Mchangani, Unguja, likazuka suala, eti kinachomfanya binadamu awe binadamu ni kitu gani hasa. Mmoja akasema akili, mwengine akasema kusema, mzee anotuuzia kahawa yeye akasema kuona haya, basi pakawa hapakaliki. Mie n'na jibu langu lakini sikulitoa kwa sababu lina kisa ndani yake na wale wakishaanza kubishana hawasikilizi mtu. Nalileta hapa.

Mwaka 2004 n'likuwa nafanya kazi duka la nguo na viatu Darajani. Ramadhani, kumi la mwisho, mnalijua lilivyo, watu wanakanyagana mpaka saa sita za usiku. Akaingia bi mkubwa mmoja na buibui lake la kamba, akashika viatu vya mtoto, akauliza bei, akavirudisha, akavishika tena. Mara viatu sivioni. Nikajua viko wapi. Nikafungua mdomo niseme, tajiri yangu akanibana mkono chini ya meza, akachukua mfuko mtupu, akamfuata yule mama mpaka mlangoni na watu wote wanasikia akamwambia, "Mama, mfuko wako umeusahau, viatu utavibeba vipi?" Yule mama akaupokea, hakumtizama usoni, akatoka. Duka zima wanajua kalipa.

Nikamuuliza tajiri mbona hivi, akanambia, "Viatu nambari 20 vile, kwani atavivaa yeye?" akaendelea kuuza. Na msidhani ni malaika, tajiri huyo huyo mie nikichelewa dakika kumi ananikata mshahara.

Basi mie naona ndio hapo. Hata paka atamlisha mwanawe na atamlinda, lakini kumfichia mwenzio aibu yake sijaona mnyama anojua. Leteni visa vyenu, nani alikusitiri au nani ulimsitiri, ila majina wekeni pembeni, tusije tukafichua tena tulichokwisha kufunika 😂

Bint Mkoani
Mie yangu ya melini. Nna miaka ishirini na mbili, mimba ya miezi minne hakuna anojua ila mume wangu, nasafiri peke yangu kutoka Unguja narudi kwetu Pemba. Ilikuwa kusi na alolipata kusi kwenye mkondo wa Nungwi halazimishwi kuelezwa. Nimetapika mpaka sina cha kutapika, kila nikikaza tumbo ndio mwili unaniachia, mara nikahisi nimeshajikojolea. Abiria wamejaa, mbele yangu wamekaa vijana watupu, na nguo nlovaa rangi ya maziwa.

Pembeni yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo, tangu tung'oe nanga hatujasemeshana. Kanitizama mara moja tu. Mara akapiga kelele, "Uuwi, mwanangu, nisamehe, mkono umenitetema!" chupa nzima ya maji kanimwagia mapajani. Makusudi! Watu wakamgeukia yeye, mmoja akamwambia bi mkubwa uwe unafunga kifuniko, na yeye kanyamaza kimya kalipokea lawama lote. Halafu akavua kanga yake ya juu akanifunga kiunoni.

Tulipofika Mkoani nimetupatupa macho simuoni, kumbe kashateremka. Kanga ninayo hadi leo, jina lake limeshafutika linasomeka nusu, na mwanangu alokuwa tumboni yuko kidato cha pili sasa.

Kuku wa Mgeni
Nimesoma hiyo ya meli nikiwa kwenye daladala, konda ananiuliza kaka una nini. Nimemwambia vumbi.

Mtembeza Wageni
Mshona Kofia hapo kwenye wanyama niachie mie maana mkate wangu uko huko, nna miaka kumi na moja natembeza wageni msitu wa Jozani. Kima punju wetu wana mapenzi wale, atakaa amchambue mwenzake manyoya nusu saa, kitoto cha huyu kinabebwa na yule. Na akili wanazo, wanakwenda kuiba mkaa wa watu wanautafuna, unawasaidia na sumu iliyomo kwenye majani ya mkungu na mwembe. Lakini kima akiteleza kwenye tawi akaanguka chini puu, wenzake wote wanamkodolea macho. Hakuna anojifanya hajaona. Hicho hawana.

Sasa siku moja kwenye lile daraja la mbao la mikokoni, mzungu mmoja, mtu mzima mnene, kaingia topeni kufuata kofia yake. Suruali ikachanika nyuma yote kuanzia kiunoni. Walikuwa watu tisa pale, mataifa mbalimbali, hawajuani, na wallahi wote tisa kwa pamoja wakaanza kutizama kaa! Mmoja anaelezea kaa, mwengine anapiga picha kaa, bibi mmoja ananiuliza kaa huyu anaitwaje, nami nikaanza kusomesha habari za kaa nisizozijua. Mpaka yule bwana akapata sweta la mkewe akajifunga. Ndio nikajua kumbe hii kitu hata wasiosoma chuo cha Kurani kwetu wanayo.

Chukwani Boy
Mwaka ule tulokaa gizani Unguja nzima, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, karibu miezi mitatu hamna umeme. Jirani yetu biashara yake barafu na samaki wa kwenye friza. Wiki ya kwanza kauza samaki kwa bei ya kutupa, wiki ya pili friza kafungua mlango kaliwachia wazi, wiki ya tatu nyumbani kwake jioni moshi hautoki.

Mama akapika, akanipa nipeleke. Nishashika sahani, baba akasema hapana, msitie kwenye sahani. Tukashangaa. Akasema sahani ikenda lazima irudi, na kwetu sahani hairudi tupu, sasa yule bwana atarudisha na nini? Tieni kwenye jani la mgomba. Basi miezi miwili unusu mie nabeba wali kwenye jani kama wa arusi ya shamba, yule bwana anapokea anasema "mwambie baba nitakuja", jani linatupwa, hesabu imekwisha.

Baba yangu hajasoma, anajua kusaini jina lake tu.

Mwana wa Mkosha Maiti
Sikutaka kuandika lakini ya jani la mgomba imenitoa.

Mama yangu anakosha maiti za kike mtaani kwetu, kazi hiyo kairithi kwa bibi. Mtu akifa anafuatwa yeye hata usiku wa manane. Sasa mnajua binadamu tulivyo na umbea, nilipokuwa mdogo akirudi namuuliza, mama, alikuwaje? Anajibu neno moja tu: msafi. Kafa mwanamke alougua mwaka mzima kitandani, namuuliza, msafi. Kafa mmoja alokuwa akimtukana mama hadharani kwa mambo ya kiwanja, nikasema leo ndio nitasikia kitu, msafi. Wote wasafi. Nimekua nikadhani maiti wote hufa wasafi.

Ilipozama meli ya MV Spice Islander kule Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, maiti wakaletwa viwanja vya Maisara watu waje kutambua jamaa zao. Mama alitoa kanga zote sandukuni, hata zile za doti alizowekewa za arusi ya dada ambazo hazijakatwa, akaondoka nazo. Karudi magharibi mikono mitupu. Sikumuuliza. Alikaa uani akakosha miguu yake mwenyewe muda mrefu sana, mpaka dada akenda akamfungia mfereji. Hadi leo hajasema alichokiona na wala hatosema.

Shamba la Mama
Jamani visa vyenu vitamu lakini na mie niruhusuni niwe nzi kwenye maziwa. Sitara hiyo hiyo mnayoisifu ndio ilotumaliza sisi.

Babu kafa kaacha shamba la karafuu huko Pemba. Mama ana fungu lake kisheria, nusu ya fungu la kaka yake, limeandikwa na halina mjadala. Ami zake mama na kaka zake wakauza sehemu wakala, iliyobaki kila msimu wanachuma wanaanika wanauza, mama anapelekewa pakacha la muhogo. Alipotaka kwenda kwa kadhi wakamjia wazee watatu na kanzu zao nyeupe, wakamwambia bibi, aibu ya ukoo haitolewi nje, stiri ndugu zako Mungu atakustiri. Mama kanyamaza. Mie nimekua naokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, kwenye mashamba ya watu nipate pesa ya daftari, na mikarafuu ya babu yangu naiona ng'ambo ya bonde imejaa majamvi chini.

Funika kombe mwanaharamu apite, eh? Sasa na mwanaharamu akiwa ndiye aloshika hilo kombe?

Mshona Kofia
Dada umenikalisha chini. Nimeisoma mara tatu kabla ya kujibu.

Ninavyoona mie, na unisahihishe, tajiri yangu alimfichia yule mama kwa viatu vyake mwenyewe, hasara ilimwingia yeye. Mama wa melini kabeba lawama yeye. Baba yake Chukwani kamega wali wake. Wale wenye kanzu nyeupe wao walisitiri kwa mali ya mama yako, hakikuwatoka hata kikonyo cha karafuu. Mtu akitaka kusitiri alipe yeye. Mama yu hai? Kama yu hai kadhi bado yupo.

Shamba la Mama
Yu hai. Anasema kashasamehe. Mie bado.

Ticha Mstaafu
Nimefundisha bayolojia miaka thelathini, naomba nizungumze kidogo, nikizidisha mnambie kengele imelia.

Yule mzee wa kahawa wa Mchangani mumpe heshima yake. Charles Darwin, yule Mwingereza mtaalamu wa viumbe, mwaka 1872 aliandika kwamba katika ishara zote za uso, kuiva uso kwa haya ndio ya kibinadamu kuliko zote. Alisema nyani huiva uso kwa hasira, lakini mnyama kuona haya, angehitaji ushahidi mkubwa sana ndio akubali. Sasa fikirini, aibu ndio iko ndani yetu sote, kwa hiyo nikikuona umeaibika nami najua unavyoungua kwa sababu nishaungua. Sidhani kama pana njia nyengine ya kujua kusitiri.

La pili, Iraq kuna pango linaitwa Shanidar, miaka ya 1950 walifukua mifupa ya Neanderthal, hawa ndugu zetu wa zamani waliokwisha kutoweka. Mmoja wao alikuwa kapigwa au kaangukiwa na kitu usoni upande wa kushoto, jicho pengine halioni, mkono wa kulia umesinyaa na nusu yake ya chini haupo. Na majeraha yalishapona, mtu kaishi nayo miaka mingi. Maana yake wenzake walimlisha na kumngoja njiani. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi hichi kama ushahidi wa huruma, lakini leo baada ya kusoma humu najiuliza kitu kengine, mifupa inaonesha alilishwa, haioneshi kama walimcheka.

La tatu halafu nakaa chini. Mnasema wanyama hawajui kusitiri, na Suratul Maida aya ya 31 mmeisahau? Kabil kamuua nduguye hajui mwili aufanye nini, akaletewa kunguru anafukua ardhi, amuoneshe namna ya kuusitiri. Mwalimu wa mwanzo kunguru! Ingawa hawa wetu walioletwa kutoka India miaka ya 1890 waje wale taka za mji nadhani walitoroka darasani, juzi mmoja kaninyang'anya chapati mkononi mbele ya wajukuu.

Kuku wa Mgeni
Ticha mbele ya wajukuu 😂😂 na hakuna alotizama kaa?

Simu Mbovu
Mie sina kisa cha kusitiri, nna cha kufichua. Mwaka jana niko Forodhani usiku, nikamuona mzee wetu wa mtaani, mtu wa heshima zake, anaokota mabaki ya mishkaki kwenye sahani za wageni anakula. Nikatoa simu. Nikaweka kwenye status nikaandika "hali ya maisha", nikijiona nimesema jambo la maana, watu waone wazee wanavyoteseka. Hata salamu sikumpa. Hata shilingi elfu sikumpa. Nimekuja kulifikiria hilo baada ya siku mbili.

Mwanawe yumo kwenye simu yangu. Dakika tano akanipigia, nikajua sasa natukanwa, akaniuliza kitu kimoja, "Bado yupo hapo?" Kumbe mzee siku hizi kumbukumbu zinampotea, katoka tangu asubuhi, watu wanazunguka mpaka Bububu kumtafuta. Akaja akamchukua. Akanambia ahsante.

Lakini binti yake mpaka leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili. Nami sijui niombe radhi kwa lipi maana bila ile video huenda mzee angelala nje. Nimeifuta. Ila washaisambaza, wiki ilopita nimerushiwa na mtu wa Dar asonijua, mzee wetu yule yule, na mikono yangu inasikika inacheka.

Namaanisha sauti yangu. Sauti yangu inasikika inacheka.

Bint Mkoani
Kijana, nenda nyumbani kwao. Usiende na maneno, nenda na kilo ya nyama umkabidhi mama yake uani, ukae na mzee barazani. Huyo binti atakuona mwenyewe.

Chukwani Boy
Na nyama usiitie kwenye sahani.

Mwana wa Mkosha Maiti
Mshona Kofia hujamaliza. Yule mama wa viatu alirudi?

Mshona Kofia
Dukani hakurudi tena. Nilimuona mara moja tu, baada ya mwaka hivi, soko la Mwanakwerekwe, kamshika mkono mtoto wa kike kavaa viatu vikubwa kidogo, sijui kama ndio vile. Akaniona. Akasimama na kikapu chake.

Nikageukia kwenye nyanya nikauliza bei.