Duka la dawa Moshi limemuuzia mama bomba la insulini lisilo lake, nusura tumzike

Wakuu, nimesubiri siku tatu hasira ipoe ndipo niandike, na haijapoa.

Mama yangu anaishi Pasua, ana kisukari, na kila asubuhi hujichoma insulini yuniti 20. Jumatatu mabomba yalimwishia, mdogo wangu akaenda kununua katika duka la dawa moja maeneo ya stendi, akapewa yenye vifuniko vyekundu badala ya yale ya rangi ya chungwa tuliyoyazoea. Mama, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo, alivuta dawa hadi mstari wa 20 kama ilivyo desturi yake. Haikufika saa nne alikuwa amelowa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la mjomba aliyekwisha kufariki. Kipimo cha sukari kilisoma 2.3, yaani sukari imeshuka mno. Bahati yetu ni kwamba alikuwa bado anaweza kumeza, tukamnywesha maji ya sukari, kisha chai.

Sasa tuelewane. Kichupa chake kina yuniti 100 katika kila mililita. Bomba lile jekundu ni la U-40, yaani limechorwa kwa ajili ya insulini yenye yuniti 40 kwa mililita, hivyo mstari wake wa 20 ni nusu mililita, na nusu mililita ya dawa ya mama ni yuniti 50. Hiyo ni mara mbili na nusu ya dozi aliyoandikiwa! Nimeyalaza mabomba yote mawili mezani: urefu ule ule, unene ule ule, yote ya mililita moja, na maandishi ya kuyatofautisha hata mimi niliyasoma kwa kuyasogeza dirishani.

Nilirudi dukani. Muuzaji, bila kuinua macho kwenye simu yake, alinijibu: "Kaka, zote hizo ni za kisukari, mama ndiye kavuta nyingi." Friji lao ni safi na insulini imepangwa vizuri, hilo nakiri, lakini kuuliza tu mgonjwa anatumia insulini ya ngapi kumewashinda. Kama bomba sahihi hawana, waseme hawana, tupande daladala twende kwingine.

Malalamiko nimeyapeleka kwa maandishi kwa mfamasia wa manispaa. Wenye wazazi wanaonunua maeneo yale, fungueni pakiti leo mtazame, kwa sababu jana jioni nilipopita, kasha la vifuniko vyekundu lilikuwa bado juu ya kaunta.