Je, kazi ya mtaalamu wa ergonomia huishia kwenye viti na meza?

Mwanafunzi wa Mitambo: Wanajukwaa, salaam. Namaliza shahada ya uhandisi mitambo na nafikiria kusomea ergonomia, yaani taaluma ya kusanifu vifaa na kazi vilingane na mwili na akili ya mtu, ila kila ninayemwambia hudhani nitakwenda kuuza viti vya ofisini. Mtaalamu huyu hufanya nini hasa?

Fundi Ndege: Viti vimo, lakini ni sehemu ndogo. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, marubani wa ndege za Marekani aina ya B-17 walikuwa wakitua salama, kisha wakakunja magurudumu badala ya flapu (vibamba vya kwenye mbawa vinavyosaidia kutua), na ndege ikalalia tumbo. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipokagua chumba cha rubani mwaka 1943, alikuta swichi za magurudumu na flapu zimekaa jirani, zenye umbo lilelile. Hakudai adhabu wala mafunzo mapya. Alibandika gurudumu dogo la mpira kwenye moja na kipande cha umbo la kabari kwenye nyingine, ili mkono utambue bila macho. Hadi leo kanuni za anga za Marekani zinataka mpini wa magurudumu uwe na umbo la gurudumu.

Mzee wa Zamu: Naafiki, ingawa umbo la swichi ndilo lililo rahisi, kazi kubwa iko kwenye taarifa. Katika mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island huko Marekani, tarehe 28 Machi 1979, valvu ya kupunguza presha ilikwama wazi huku taa yake ikiwa imezimika, kwa sababu taa hiyo ilionyesha tu kwamba amri ya kufunga imetolewa, si kwamba valvu imefunga. Waendeshaji, ving'ora zaidi ya 100 vikiwalilia, waliamini maji yamezidi, wakapunguza yale yale yaliyokuwa yakipoza kinu. Uzembe upo duniani, sikatai, lakini pale ubao wenyewe wa taa na vipimo uliwadanganya.

Mwanafunzi wa Mitambo: Nashukuru sana. Nikiajiriwa kiwandani, nianzie wapi?

Mzee wa Zamu: Simama na waendesha mashine, hasa zamu ya usiku, utazame wanavyofanya kazi na si mwongozo unavyosema. Ukikuta mtu amezungushia kitambaa kwenye mpini, au amebandika plasta yenye maandishi ya kalamu juu ya kitufe, muulize sababu kabla hujaamuru kiondolewe, maana hapo amejirekebishia mwenyewe kasoro ya msanifu. Vipimo vya miili navyo uvichukue kwa wafanyakazi wenyewe, kwa kuwa mashine nyingi tunazoagiza hazikuundwa kwa kuwapima wao.