Anayesubiri kibali chetu anataka kutupatia kompyuta: tupokee?

Chumbageni_Ofisini: Habari za humu, wakuu. Ofisi ya serikali, Tanga mjini. Wakala wa kutoa mizigo bandarini ameandika barua: atatupatia kompyuta 6 na printa, na atalipia watumishi wawili nauli na hoteli kwenda semina Dar. Ombi lake la kibali lipo mezani kwetu. Bosi anasema huo ni msaada wa ofisi, si wa mtu, kwa hiyo hauna shida. Ni kweli?

Leja_Nyekundu: Nusu kweli. Anza na mtoaji: anahitaji nini kwenu, na lini? Maadamu ombi halijaamuliwa, mjibuni kwa barua kwamba hampokei. Kibali kikitoka Jumatatu na kompyuta zikashushwa Ijumaa, bado hamjasalimika. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inagusa kishawishi cha kabla na shukrani ya baada, iwe kwa faida ya aliyepokea au ya mwingine.

Mtu_wa_Stoo: Naongezea, kwa msaada usio na harufu hiyo. Barua ya mtoaji iende kwa Afisa Masuuli (anayewajibika kwa fedha na mali za taasisi), si kwa mkuu wa kitengo, na ikubaliwe kwa maandishi kabla gari la mzigo halijafika. Kamati ya mapokezi ikague, muandike hati ya makabidhiano yenye namba ya kila kompyuta, kisha viingie leja na rejesta ya mali kwa thamani ya soko ya siku ya kupokelewa. Wengi wanakwama hapo: wanaandika sifuri kwa sababu ni vya bure. Vifaa vilivyotumika navyo viangalieni sana, msije mkapokea taka za mtu halafu mkabaki na gharama ya wino na leseni za programu.

Mkuu_wa_Mwambao: Safari ni mtego zaidi. Hata mtoaji akiwa safi, mwaliko uandikwe kwa taasisi, na taasisi ndiyo ichague wa kwenda. Akitaja majina, hasa ya wanaoshughulikia faili lake, kataeni. Fedha taslimu asipewe mtumishi. Alipe hoteli na tiketi moja kwa moja. Na aliyelipiwa chakula na malazi asije akadai posho kamili ofisini, hiyo ni hoja ya ukaguzi tayari.

Chumbageni_Ofisini: Shukrani wakuu. Na akileta kikapu cha machungwa ya Muheza sikukuu?

Leja_Nyekundu: Kwa viongozi, Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 iliweka mpaka wa zawadi kuwa shilingi 50,000: ikizidi, unaitamka na kuikabidhi kwa Afisa Masuuli, naye anaamua kwa maandishi iende wapi. Ila huyu wenu ana faili mezani, kwa hiyo hata kikapu rudisheni. Akikiacha mapokezi akaondoka, machungwa yataoza. Yapelekeni hospitali, mchukue risiti, muandike kwenye daftari la zawadi tarehe, mtoaji, kitu, makadirio ya bei na yalikoenda.

Mtu_wa_Stoo: Na chini ya machungwa mkikuta bahasha, usiifungue peke yako. Mwite mwenzako ashuhudie, kisha pigeni TAKUKURU (Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa), 113, bure.